Upande wa Pili wa Ubao

Kahawa ndiyo iliyomuumbua Toivo Rautio. Asubuhi moja ya mwezi wa nane, mwaka hamsini na nne, alishika birika akamimina kwa mkono usiotetemeka hata kidogo, vizuri kabisa, vidole vitatu pembeni mwa kikombe. Kahawa ikatapakaa kwenye kitambaa cha meza, ikalowesha mkate wa iliki, ikamdondokea mama yake mapajani. Bibi Aino, na miaka yake sabini na moja, aliruka kama msichana.

“We Toivo! Unaniogesha?”

“Samahani, Mama. Birika zito.”

“Birika zito! Umebeba magogo tangu una miaka kumi na miwili, leo birika limekuwa zito.”

Helmi, mke wa Toivo, alifuta meza. Ilikuwa mara ya tatu wiki ile. Jumatatu mumewe alitundika kofia hewani, karibu na ndoano lakini si kwenye ndoano, akaondoka zake huku kofia iko sakafuni. Jumatano jirani alimsalimia kutoka upande wa kushoto, yeye akapita tu, na jirani mpaka leo amenuna. Helmi akaweka kikombe kingine mezani. Toivo alipogeuka kutazama dirishani, Helmi alinyoosha vidole vinne karibu na shavu la kushoto la mumewe akavichezesha. Toivo hakupepesa.

“Vidole vingapi?” Helmi akamuuliza.

“Vidole gani?”

Bibi Aino aliweka soksi aliyokuwa akiifuma. Helmi akajikuta bado ameinua mkono.

Sisi watu wa Corless tuliliona gongo lilipompata jichoni, mwezi wa tatu, katika mechi ya mwisho ya nyumbani ya mpira wa magongo wa barafuni. Tulimwona akienda chini na kuinuka, na tukampigia makofi alipoinuka, maana ndivyo tulivyo. Alikaa nje mechi mbili, akarudi na bandeji, akamaliza msimu. Aliambiwa jichoni mna ukungu na ungeondoka wenyewe. Miezi mitano aliungoja. Ukungu haukuondoka, ulizidi kuwa mweusi, na yeye hakumwambia mtu.

“Tangu lini huoni kabisa?” Helmi aliuliza.

“Tangu siku za kupanda viazi.”

“Na ulikuwa unaningoja nini? Nikukute umeanguka kisimani?”

“Nilikuwa nangoja lipone, mke wangu.”

“Halijapona.”

“Naona halijapona,” Toivo akasema, na Bibi Aino akaguna kwa hilo neno “naona”.

Mambo yalikuwa hivi. Kanuni ya ligi ilisema asiyeona jicho moja hachezi, kwisha. Mwezi wa tisa, kabla ya mazoezi, kila mchezaji alipimwa na daktari wa mgodi. Mgodi ndio uliokuwa na timu, na wachezaji walipewa nyumba za mgodi na kazi za juu, zile ambazo mtu hashuki shimoni: Toivo aligawa taa kwa wachimbaji kwenye chumba cha taa. Hakuna timu, hakuna taa, hakuna nyumba. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Akiwa na kumi na sita klabu kubwa ya kusini ilimletea baba yake karatasi, baba akatia sahihi asiyoisoma, na tangu hapo Toivo akawa mali ya watu. Walimpandisha ligi kubwa mara moja, mechi tisa, wakamrudisha. Miaka iliyobaki aliimalizia kwenye mabasi ya ligi ya pili, na mwisho wakamuuza Corless.

“Mimi najua kazi gani nyingine?” alisema. “Niambie. Najua kurudi nyuma juu ya barafu na kumzuia mtu. Basi.”

“Na hilo moja likienda?”

“Haliendi.”

“Ulisema hivyo hivyo la kwanza lilipopigwa, Toivo. Nilikuwepo.”

“Msimu mmoja tu. Kocha Stroud alisema mwakani huenda akanifanya msaidizi wake. Msimu mmoja, Helmi, halafu naning’iniza viatu.”

Helmi alikuwa anakubali, lakini moyo unakataa.

* * *

Helmi alifanya usafi katika hospitali ya mgodi, siku tano kwa wiki, na chumba cha Daktari Penhale alikijua kuliko sebule yake. Ubao wa herufi ulining’inia kwenye msumari ukutani, mweupe, na ulikuwa na herufi pande zote mbili. Upande mmoja ulianza na E kubwa, wa pili ulianza na H. Daktari alikuwa na desturi yake: jicho la kulia alilipima kwa upande wa E, kisha akageuza ubao na kupima la kushoto kwa upande wa H, ili mtu asisome kwa kichwa yale aliyokwisha kuyaona.

“Una hakika daktari huugeuza kila mara?” Helmi alimuuliza mumewe.

“Hapa Corless miaka sita sasa, hajaacha hata mara moja. Anageuza hata kwa vijana wenye macho ya mwewe.”

“Basi upande wa E tuachane nao, utausoma mwenyewe kwa jicho zima. Tunakariri wa H.”

Aliunakili kwenye mfuko wa unga uliochanwa, akiwa ameegemeza ufagio mlangoni ili mtu akifungua, yeye ausikie ukianguka. Aliutoa hospitalini ndani ya kikapu, chini ya matambara ya kudekia. Jioni ile, kabla hata ya kula, darasa likaanza.

“Mstari wa kwanza.”

“H.”

“Wa pili.”

“T, L.”

“Wa tatu.”

“O, C, P.”

“Wa nne.”

“F, D, N, G.”

“Z! Hiyo G umeiokota wapi?”

“Z,” akasema Bibi Aino kutoka pembeni ya jiko, bila kuinua macho kwenye soksi yake. Alikuwa ameishi nchi hii miaka arobaini na mbili akiongea Kifini chake tu, bila kujifunza Kiingereza, na hakuwa na mpango wa kuanza. “Hata mimi najua ni Z.”

“Mama, tafadhali.”

“Tafadhali nini? Mwanangu anafundishwa kusoma na mkewe, nami ninyamaze? Nilikupeleka shule miaka minane.”

Toivo alicheka, lakini masikio yalimwiva. Alikariri akipasua kuni, alikariri akigawa taa, alikariri Jumamosi kwenye sauna, kile chumba cha kuogea mvuke, huku jasho likimtiririka na Helmi akimuuliza kutoka upande wa pili wa ukuta wa mbao. Baada ya wiki mbili aliweza kuutoa ubao mzima kwa pumzi moja. Hapo ndipo Helmi akaanza kuubomoa.

“Unasoma mbio mno. Mtu anayeona hukunja uso.”

“Nikunje vipi?”

“Kama vile unatafuta sindano. Ndiyo hivyo. Na mstari wa saba usiumalize. Soma herufi mbili, kosea ya tatu, sema basi.”

“Nimeukariri wote ule wa saba!”

“Umeukariri ili ujue pa kukosea. Mimi husimama hatua tatu kutoka ule ubao na mstari huo siuoni. Ukiusoma wewe, watakukamata.”

Alikuwa mwalimu mzuri, na aliona aibu kuwa mwalimu mzuri. Akiosha vyombo alijiuliza ni mwanamke gani huyu anayemfundisha mumewe njia ya kwenda kupofuka. Kisha alikumbuka nyumba, na mama mkwe, na majira ya baridi yaliyokuwa mlangoni, akarudi mezani na kuuliza mstari wa tano.

* * *

Siku ya kupimwa Helmi alijipa kazi ya kudeki ukumbi wa nje, vigae vile vile, tena na tena. Wachezaji kumi na saba waliingia na kutoka wakitaniana. “Shemeji, utatoboa sakafu!” alisema golikipa wao, Ovide Marchildon, mtu mfupi mwenye meno manne tu ya mbele, yote ya kununua. Toivo aliitwa wa mwisho. Ndani walikuwamo Daktari Penhale, ambaye alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu, na Kocha Wendell Stroud, ambaye siku hiyo aliketi pale akitafuna njiti.

Mlango haukufungwa vizuri. Helmi alisikia jicho la kulia likisoma, upande wa E, bila shida. Akasikia daktari akisema, “Ziba la kulia.” Wakati huo huo mhudumu akapita ukumbini akisukuma kigari cha sahani, kelele tupu, na Helmi akatamani kukipindua. Kilipokwisha kupita, mumewe alikuwa amefika mstari wa tatu.

“O... C... P.”

Alikuwa anakunja uso. Helmi alilijua hilo kwa sauti. Wa nne. Wa tano. Wa sita, polepole. Wa saba akasoma herufi mbili, akakosea ya tatu. “Hapo basi, daktari.”

“Vizuri,” akasema Daktari Penhale. Kalamu ikaandika. “Mzima.”

Toivo alitoka akampita mkewe bila kumtazama, kama walivyopatana. Daktari na kocha wakafuata pamoja, wakaenda zao kula. Helmi alishika beseni na kuingia kusafisha chumba. Alikuwa anatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu siku ya kahawa. Kisha akainua macho ukutani, tabasamu likamkauka.

Ubao ulikuwa upande wa E.

Alisimama na beseni mkononi. Hakuna aliyeingia baada yao; yeye mwenyewe alikuwa mlangoni. Baada ya mtu wa mwisho ungebaki upande wa H; basi ubao haukugeuzwa. Mumewe alikuwa amesimama pale, jicho zima limezibwa, akisoma H na T na L mbele ya ubao ulioandikwa herufi nyingine kabisa, akikunja uso, akijikosesha kwa ustadi, na watu wazima wawili walimtazama mpaka mwisho wakaandika “mzima”.

Alitaka kuamini kwamba mzee alisahau. Lakini hata aliyesahau kugeuza husikia mtu akisoma herufi ambazo hazipo. Helmi alideki chumba, akautazama ubao tena, akazima taa.

Nyumbani Bibi Aino alikuwa ameoka. Toivo alikaa mbele ya mkate akakata kipande kikubwa, akakiacha kwenye sahani.

“Umefaulu?” mama yake akauliza.

“Nimefaulu.”

“Z ulisema?”

“Nilisema, Mama.”

“Hongera,” Helmi akasema. Hangeweza kumwambia. Wiki tatu mumewe alihangaika na zile herufi, na kitu kilichobaki kwake kilikuwa ni kuamini kwamba amewashinda watu. Toivo alisema, “Umenifundisha vizuri, mke wangu,” na sauti yake ilikuwa ya kuchoka, naye Helmi akadhani ni uchovu tu.

* * *

Msimu ukaanza. Katika maisha yake yote Toivo alikuwa beki wa kulia. Siku ya kwanza ya mazoezi Kocha Stroud akamhamishia kushoto, hakutoa sababu. Sisi majukwaani tulibishana wiki nzima. Wengine walisema kocha amelewa. Helmi hakubishana. Beki wa kushoto, jicho lake la kushoto linatazama ukuta wa mbao wa pembeni mwa uwanja, na la kulia ndilo linalotazama uwanja. Aliyepanga vile alijua anachopanga.

Akaanza kusikia na mengine. Ovide, golini, aligonga gongo lake kwenye nguzo kila mtu alipomjia Toivo kwa upande wake wa kushoto: ka-ka, ka-ka. Wachezaji wa akiba walipiga kelele, “Kushoto, Toivo! Kushoto!” hata pasipokuwa na haja. Basi wote walijua. Timu nzima ilimbeba kama mzigo wa siri, na yeye alicheza vizuri, ndiyo, alicheza vizuri sana. Tukaongoza ligi mpaka Krismasi.

Jumapili moja alasiri, katikati ya Januari, mambo yakaharibika. Kijana wa timu ngeni alipiga kwa nguvu kile kisahani cheusi kinachotumika badala ya mpira, na gongo lake likapanda juu baada ya pigo, likamchana Toivo juu ya jicho la kulia. Halikuingia jichoni, lilipita juu kidogo, kwenye nyusi. Damu ikafunika jicho lote. Wakamketisha kwenye benchi wakingoja mtu wa kushona.

Helmi alikuwa safu ya tatu, nyuma tu ya benchi lile. Alimwona mumewe akinyoosha mkono kutafuta kopo la maji. Kopo lilikuwa pale pale, juu ya ukingo wa mbao, karibu na kiwiko chake. Mkono ukapapasa kulia, ukapapasa kushoto, ukagusa goti la mwenzake, ukarudi. Uso ulikuwa umeinuliwa kidogo, kama wafanyavyo vipofu. Mwishowe mchezaji mmoja, bila kumtazama, akachukua kopo akamwekea mdomoni, akamnywesha.

Alishonwa nyuzi tisa, akafutwa, akarudi uwanjani kipindi cha tatu. Tukampigia makofi tukasimama. Mimi pia nilisimama, sina haja ya kuficha. Helmi peke yake alibaki ameketi, mikono kwenye glavu.

* * *

Jumanne Kocha Stroud alikuja nyumbani na mfuko wa machungwa. Jicho la kulia la Toivo lilikuwa limevimba, limebaki ufa mdogo wa kuonea.

“Shemeji, hujambo? Nimekuja kumwona shujaa wetu.”

“Shemeji yako ni nani?” Helmi akasema. “Vua viatu, sakafu imedekiwa.”

Kocha akavua. Soksi yake ilikuwa imetoboka kidoleni, na Bibi Aino akaitazama waziwazi. Akapewa kahawa. Helmi ndiye aliyemimina.

“Jumamosi tuna mechi kubwa,” kocha akaanza. “Uvimbe utakuwa umeshuka. Nitakupumzisha kipindi cha pili, Toivo, usiwe na wasiwasi.”

“Hachezi,” Helmi akasema.

“Nimeongea na mumeo.”

“Na mimi ndiye ninayekujibu. Jicho hilo likienda, nani atamnywesha maji? Wewe?”

“Ana macho mawili, shemeji. Daktari ameandika.”

“H,” akasema Bibi Aino.

Kila mtu akamgeukia. Alikuwa anafuma.

“T, L,” akaendelea kikongwe kwa lafudhi yake nzito, akimtazama kocha usoni. “O, C, P. F, D, N, Z.” Akauliza kwa Kifini, “Mwambieni bwana huyu, je, nami nitasajiliwa?”

Toivo hakutafsiri. Hakukuwa na haja. Kocha Stroud aliweka kikombe chini, akatafuta njiti yake mfukoni, hakuipata.

“Sawa,” akasema. “Basi tuseme. Toivo, nani hajui? Timu yote inajua. Penhale anajua. Tumekusitiri, bwana! Nimekuhamisha upande, nimewaambia vijana wapige kelele. Kocha gani mwingine angefanya hivyo? Ningekutupa mwezi wa tisa ungekuwa wapi sasa? Mnakaa nyumba hii kwa nini?”

“Wewe ulimwambia asigeuze ubao, ili nirudie yale yale niliyosoma kwa jicho zima,” Toivo akasema.

Helmi akamtazama mumewe.

“Nilipoondoa kile kijiko cha kuzibia jicho niliuona,” Toivo akamwambia mkewe, wala hakuinua sauti. “E. Ile E kubwa. Mimi nimemaliza kusoma H. Sikutaka ujue. Ulihangaika sana.”

“Mimi nilijua siku ile ile,” Helmi akasema. “Nilisafisha chumba.”

Miezi minne walikuwa wamelala kitanda kimoja na siri moja, kila mtu na nusu yake. Helmi alitaka kulia akashindwa. Alichopata ni hasira, na hasira ilikuwa na mtu wa kuipokea, ameketi pale na soksi iliyotoboka. “Ungenicheka tu basi,” Toivo alimwambia kocha. “Ungesema, Toivo, acha mchezo huo, tunajua. Mtu mzima mimi, nimekunja uso mbele yenu kama mtoto.”

“Nilikuwa nakulindia heshima yako.”

“Ulikuwa unalinda nafasi yako kwenye ligi.”

Kocha akasimama, akavaa viatu mlangoni kwa shida. Sauti yake ilikuwa imebadilika, ya kiofisi sasa. “Sikiliza, na ninakwambia kama rafiki. Karatasi inasema mzima. Mchezaji mzima asiyefika uwanjani ni mgomaji. Mgomaji anasimamishwa, hakuna timu nyingine inayomgusa, na wiki hiyo hiyo anatoka kwenye nyumba. Mgonjwa ni jambo jingine. Mgonjwa anabaki na nyumba na taa zake mpaka theluji iyeyuke. Lakini wewe si mgonjwa. Karatasi inasema.”

Aliyaacha machungwa mezani. Bibi Aino aliyahesabu, akayarudisha kwenye mfuko, akautoa mfuko nje kwenye theluji, mlangoni kabisa, ili kila apitaye auone.

* * *

Alhamisi asubuhi Toivo alikwenda kwa Daktari Penhale bila kuitwa. Hatima ya nyumba yao ilikuwa kwenye kalamu ya mzee yule: akiandika kwamba jicho limekufa, Toivo ni mgonjwa, wanakaa mpaka majira ya kuchipua, akikataa, ni mgomaji. Helmi alidai anakwenda kazini tu. Alisimama ukumbini na ufagio, na safari hii hakujisumbua kufagia.

“Nipime la kushoto,” Toivo alisema.

“Nilikupima.”

“Nipime tena.”

Daktari akanyanyuka taratibu, mkono mmoja kiunoni, akautoa ubao msumarini, akaugeuza, akauning’iniza tena. Uligonga ukuta, Helmi aliusikia kule nje. Toivo akaziba jicho lake la kulia kwa kijiko cheusi.

“Soma.”

“Sioni kitu, daktari.”

“Jaribu mstari wa kwanza.”

“Nimekwambia sioni. Nikitaka naweza kukuimbia wote mpaka wa saba. Mama yangu pia anaweza. Lakini sioni.”

Mzee alirudi kwenye kiti chake. Alifungua faili, akalitazama bila kuandika. “Ungeniambia mapema, Rautio. Sasa nikiandika, wataniuliza mwezi wa tisa niliona nini.”

“Nilikwambia mwezi wa tisa,” Toivo akasema. “Nilikusomea upande ambao haukuwepo. Ukaandika mzima.”

Daktari Penhale aliinamia faili. Shingo yake, juu ya kola, ilikuwa imeiva. Hatimaye kalamu ikaanza kwenda, na alisoma kwa sauti kadiri alivyoandika, sauti ya mtu anayejisomea hukumu: jicho la kushoto, halioni kabisa, sababu, ajali ya mchezo, tangu... Hapo kalamu ikasimama.

“Machi,” Toivo akasema. “Mwaka jana.”

“Ndiyo,” akasema daktari. “Machi.” Na akaandika Januari.

Toivo aliiona. Kwa jicho lililobaki, kwenye ufa ule mdogo, aliiona vizuri kabisa, J na zote zilizofuata. Angeweza kubisha. Alisimama pale akipumua, miaka kumi na minane ya barafu miguuni mwake, akafikiria nyumba na kuni na mama yake. Akanyoosha mkono kuichukua karatasi. Mkono ulipita pembeni kidogo, na mzee akaisogeza karatasi mpaka ukaigusa.

Ukumbini Helmi aliegemeza ufagio ukutani. Zamu yake ilikuwa haijaisha, lakini alichukua koti.

“Kaandika?”

“Kaandika.”

“Ukweli?”

“Nusu yake. Tuna nyumba mpaka mwezi wa nne.”

“Halafu?”

“Halafu sijui, mke wangu.”

Walitoka. Theluji ilikuwa inaanguka nyembamba, na barabarani wachimbaji wa zamu ya usiku walikuwa wakipanda kutoka shimoni, wakimwita, “Toivo! Jumamosi tunawanyoa!” Yeye aliinua mkono akifuata sauti zao, si sura. Miaka yote ya ndoa yao Helmi alitembea kulia kwake. Walipofika kona ya posta, alipita nyuma yake, akahamia upande wake wa kushoto, akampitishia mkono kwapani. Toivo alishtuka mwili mzima.

“Nani huyo?”

“Ni mimi.”

Alitembea hatua tano, sita, bila kugeuza kichwa.

“Basi kaa hapo hapo,” akasema.